Amana ya Bibi Ester

Mwaka juzi, baada ya Alasiri, mama mmoja wa Kizungu mwenye mvi aliingia uani kwangu Mwabungo, akasimama karibu na kinu na kutaja jina langu vizuri kabisa: "Mejumaa." Hakusema Bi, hakusema Nyanya, nami nikamsamehe kwa sababu ilionekana wazi kwamba hilo ndilo neno pekee la Kiswahili alilokuja nalo. Aliletwa na mjukuu wangu Zuhura, afanyaye kazi hotelini Ukunda, ambaye Kiswahili chake kinazidi kunitia kizunguzungu kila mwezi. "Nyanya," akaniambia, "huyu anaitwa Miriam. Anasema mamake alikuwa anaishi Diani kitambo, kabla mahoteli hayajakam. Mamake ameshakufa, lakini alimwambia akutafute, eti uko na kitu yao." Nikamwambia, una kitu chao. Akasema haya basi, una kitu chao, ni kitu gani? Nilikuwa nimeshaingia kichwani mwangu kukitafuta, na pale nilipokuwa nimekiweka kwa miaka zaidi ya sitini hapakuwa na kitu. Neno la kwanza halikuja, wala la pili. Niliona haya kama mtu aliyewekewa amana, mwenye mali akaja, naye akafungua sanduku akakuta nguo zake mwenyewe tu. Nikawaambia wakae, chai itawekwa, wasiwe na haraka.

Siku hizi nasahau mengi. Namwita Zuhura kwa jina la mamake, na mbaazi zimeniungulia jikoni si mara moja. Lakini mwaka ule wa Diani nauona wote. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na talaka moja. Ndoa yangu ya Msambweni ilidumu miezi minane, na kosa langu, kwa maneno ya mama mkwe, lilikuwa kuuliza sana. Niliuliza kwa nini mwanawe hutoka saa hizi, kwa nini mlango wa ghala una kufuli mbili, kwa nini mimi nile mwisho. Basi nikarudishwa kwa Shangazi Mwanamisi na kisanduku changu na jina la mdadisi. Shangazi hakunilaumu. Alinitupia mzigo wa miyaa, majani ya mkindu yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeusi, akasema, "Suka. Ulimi ukitaka kuuliza, wape vidole kazi." Shangazi alikuwa msusi wa mikeka anayejulikana mpaka Kwale bomani, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko kisu chake cha kuchania miyaa.

Mkeka wake ndio uliotufikisha kwa Bi Lea. Siku zile Diani ilikuwa msitu na tumbili, na nyumba chache za Wazungu zimejificha katikati ya miti, kila moja na njia yake ya mchanga. Bi Lea alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mchoraji. Alichora makome na maua mekundu ya uani, akayatia fremu, na Wazungu waliokuja kupumzika wakayachukua kwao. Alikuwa ameagiza mkeka, nami nikatumwa kuupeleka. Nilipofika barazani nikasikia mazungumzo ndani, sauti mbili za kike, nikasimama kusikiliza. Sikuona aibu, tabia ilikuwa imeshanifukuzisha, ningepoteza nini tena.

"Mama, chai tayari."

"Sukari iko?"

"Iko. Usiweke mkono hapo, iko moto."

"Mimi hapana mtoto."

Nilibaki mdomo wazi. Mtu na mamake, Wazungu wote wawili, ndani ya nyumba yao, hakuna mgeni wala mtumishi, wanasemezana Kiswahili! Tena kile cha mashambani bara, kisicho na kichwa wala miguu. Nikajiuliza, lugha yao imeenda wapi? Swali hilo lilinikaa, na nikipata swali sitoki.

Mamake alikuwa Bibi Ester, mwanamke mnene, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, haoni isipokuwa kivuli. Alipoguswa na mkeka mpya miguuni, aliinama, akaupapasa ukili, ule msuko wa miyaa, kwa vidole, njia kwa njia, akahesabu kimoyomoyo, kisha akacheka. Ijumaa iliyofuata nilielewa kicheko kile. Nilimkuta mezani amejaa unga mpaka kwenye viwiko, anasuka mkate. Ndiyo, anausuka, unga umekatwa kamba kamba, ya huku yapita juu, ya kule yapita chini. Nilipomsimulia Shangazi, hakuniamini mpaka nilipomletea kipande. Alikigeuza huku na huku kama anayekagua kazi ya mshindani. "Njia sita," akasema. "Na haoni? Basi huyo ni msusi mwenzetu. Mpelekee salamu." Nikapeleka salamu, pamoja na kapu la kamba wabichi, zawadi ya heshima, nikarudishiwa kapu langu vilevile lilivyo. Kumbe walikuwa Mayahudi. Kutokula nguruwe tulikuelewa mara moja, tukawapenda kwa hilo. Lakini kukataa kamba! Shangazi alinuna siku mbili. Tangu hapo, kila samaki aliyeingia jikoni, Bibi Ester alimshika mkia na kuuliza, "Iko magamba?" Nami nikaapa kwamba yako.

Bi Lea aliniomba nije asubuhi nikae na mamake wakati yeye anachora. Nilikuja na miyaa yangu. Tulikaa chumba cha nyuma chenye dirisha la kuelekea kisimani, chumba kilichonukia karafuu na dawa ya kuchua, mimi sakafuni, yeye kwenye kiti cha kamba, kila mmoja na ukili wake, maana nilimfundisha na akanishinda upesi. Na pale ndipo nilipoisikia lugha yao. Alikuwa akisuka huku midomo inacheza, maneno yanatoka kwa mizani, yanapanda, yanashuka, yanarudi palepale. Nikauliza, "Bibi, hiyo ni dua?" Akatikisa kichwa. "Hapana dua. Hii wanawake."

Kidogo kidogo nikapata habari. Yalikuwa mashairi kumi, aliyoyatunga mwenyewe, kila moja la mwanamke mmoja wa ukoo wao, kuanzia mama wa nyanya yake. Wengine walikufa kwa uzee vitandani mwao. Wengi waliuawa wakati wa vita kule Ulaya, siku moja au siku zinazofuatana, hakujua, wala hawana kaburi. Alinieleza kila mmoja kwa sentensi mbili za Kiswahili chake. "Hii mama ya mama yangu. Nakula kitunguu kama tunda." "Hii dada ya baba. Nashona nguo ya bibi harusi yote, yeye hapana olewa." "Hii naimba wakati nafua, watu napita njia nyingine sababu ya sauti mbaya." Nilicheka, naye akacheka, halafu aliliimba shairi lenyewe na uso wake ukawa wa mtu mwingine. Nikauliza kwa nini Bi Lea asiyaandike. Akakaza ukili wake. Kisha akasema, "Lea nafunga sikio. Lugha hii yeye hapana taka. Miaka kumi na zaidi." Nikasema basi mimi naweza kujaribu kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Akapiga paja. "Karatasi napata moto. Kwetu yote iko karatasi, yote napata moto. Mimi nataka kichwa."

Sasa hapo alikuwa amefika mlango wake. Mimi nilihitimu msahafu nikiwa na miaka kumi na mmoja, na kama watoto wote wa chuo cha pwani nilihifadhi maneno mengi ambayo hakuna aliyenifasiria. Kubeba maneno usiyoyajua maana hakukuwa ajabu kwangu, ilikuwa ndiyo elimu niliyolelewa nayo: unasikia, unarudia, unakosea, unapigwa kikoto, unarudia. Nikamwambia, "Nisomeshe." Na kwa mazoea ya chuo nikaomba tuanze na fupi la mwishoni, tupande kwenda kwenye marefu, kama tunavyoanza na sura fupi za mwisho wa msahafu. Alishangaa. Kwao walianza na la mkubwa wa ukoo. Hata hivyo akakubali, kwa sharti moja: nitakaposoma mbele ya mtu, nianze juu, kwa mama wa nyanya, nishuke, na lile fupi liwe la mwisho kabisa. "Hii ya Lea," akasema. "Hii hapana sema maana. Nasikia wote kwanza, halafu hii." Nikaahidi.

"Sema tena," ndilo neno nililolisikia zaidi mwaka ule. Sema tena. Alikuwa mwalimu mgumu kuliko yule wa chuoni, ila hakuwa na kikoto. Zile sauti za kooni zilizowashinda Waingereza hazikunipa taabu, ni kha kama kha yetu, na aliposikia ninavyozitoa alinishika mashavu kwa mikono yenye unga. "Wewe nasema kama mtu ya mtaa yetu!" Nilifurahi kama niliyesifiwa uzuri. Shangazi aliponisikia nyumbani nikiyarudia, aliuliza moja kwa moja, "Ni uchawi?" Nikamwambia ni bibi zao waliokufa. Akafikiri, akauma uzi. "Basi usiwakosee."

La tisa lilikuwa la Miriam, mdogo wake Bi Lea, na Bibi Ester alilifundisha vipande vipande maana lilimchosha. "Hii mtoto. Miaka saba. Nauliza maswali, asubuhi mpaka lala. Hii shairi yote maswali. Yeye nauliza, mimi hapana jibu." Kweli kila mstari ulipanda mwishoni, kama mtoto anayeinua uso. Nilimpenda mtoto yule. Nilifikiri, angefika huku, mimi naye tungeuliza mpaka watu wahame.

Siku moja Bi Lea alinikuta bandani kwake nikiangalia rangi. Nikamuuliza, nifanyeje, swali lilikuwa limeshaiva: "Bi Lea, kwa nini hutaki kuyasikia mashairi ya mama?" Nilidhani atanifukuza. Alifuta brashi muda mrefu. Akaniambia, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mamake, kwamba siku waliyotoroka kwao Ulaya yeye alikuwa na miaka kumi na minne. Miriam alikuwa amelala kwa nyanya yao mtaa wa pili. Mama akamtuma Lea amlete. Askari walikuwa njiani. Alifika, akagonga mlango mara moja, hakufunguliwa, akaogopa, akarudi mbio. Gari moshi likaondoka. Walitumaini nyanya angemleta baadaye. "Mama hajawahi kuniuliza niligonga mara ngapi," akasema. "Miaka yote. Na najua ana shairi langu. Unadhani limeandikwa nini humo? Mimi najua." Nilitaka kumwambia kwamba ninalo, liko hapa kwenye ulimi wangu. Nilikumbuka ahadi, nikajizuia, na kwa mtu kama mimi hilo halikuwa jambo dogo.

Bibi Ester alikufa asubuhi ya Jumanne, kiti chake kikiwa dirishani. Siku ileile alipelekwa Mombasa akazikwa, kwani wao kama sisi hawalazi maiti. Bi Lea aliporudi alikaa chini. Alifunika kioo kwa leso, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka wa Shangazi, na akasema kwa desturi yao atakaa hivyo siku saba. Nilikimbia kumwambia Shangazi. "Anakaa na nani?" akauliza. Nikasema peke yake. "Peke yake? Matanga ya mtu mmoja?" Kesho yake, kabla ya saa nne, wanawake watano wa Mwabungo walikuwa njiani, wamejitwika mahamri, mbaazi na sufuria ya chai, Shangazi mbele. Walimpa mkono mmoja mmoja, pole, pole mwanangu, wakakaa naye mkekani. Bi Lea hakulia. Alishika hamri mkononi bila kula.

Shangazi hawezi matanga yasiyosomwa. Alinigeukia, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mejumaa, wewe unayo maneno yao. Soma."

Nilisikia neno hilo soma, na mtoto wa chuo akaamka ndani yangu. Nikaweka mikono magotini, nikafumba macho, na nikaanza pale tulipofundishwa sote kuanzia, mwishoni, kwa lile fupi. Nilikuwa nimeshatoa mistari miwili nilipotambua nimefanya nini. Nilifumbua macho nikamkuta Bi Lea amenikazia yake, uso umekauka. Kusimama nikashindwa, kwa kuwa msomaji hakati aya. Nikamaliza. Mistari minne tu. Hamri likaanguka kutoka mkononi mwake.

"Limesema nini?" Shangazi akauliza. Hakuna aliyekuwa na ujasiri ule ila yeye. Bi Lea akatufasiria mstari kwa mstari:

"Lea, uligonga mara moja ukarudi mbio.
Hata mimi ningegonga mara moja.
Njia ile hatumwi mtoto, nami nilikutuma.
Njoo ukae, chakula kinapoa."

Kisha akalia. Wanawake wale hawakujua habari za mlango wala za Miriam, lakini kilio cha kuchelewa wanakijua, wakamshika. Shangazi aliokota hamri, akalipuliza vumbi, akamrudishia mkononi. "Ule basi," akasema. "Si umeambiwa na mamako?" Akala.

Nimelifikiria kosa langu miaka mingi. Ningefuata ahadi, nikaanza kwa mama wa nyanya nikashuka, angeinuka kabla sijafika nusu, kwani aliogopa kilicho mwisho. Kwa kuwa nilikosea, alikaa. Baada ya lake nilikuwa nikipanda kwenye la Miriam, na neno la kwanza tu lilipotoka aliniwekea kiganja mdomoni. "Hilo bado," akasema. "Ruka." Nikaruka. Mengine manane aliyasikia yote, akacheka kwenye la kitunguu na lile la kufua, na wanawake wakacheka naye bila kujua wanacheka nini.

Miezi iliyofuata hakuchora kome hata moja. Aliniita, nikasoma, akaandika kwa herufi zao, ambazo kumbe nazo zatoka kulia kwenda kushoto. Shangazi alimwonyesha leso zake sandukuni, akamweleza kwamba leso ina pindo lizungukalo, ina mji wa katikati, na ina jina lake, maneno yasemayo na watu, na isiyo na jina ni pazia tu. Bi Lea alikamata hilo kwa mikono miwili. Alichora vitambaa tisa vikubwa vyenye pindo la ukili. Mjini mwa kila kimoja aliweka mwanamke, huyu na kitunguu, huyu na sindano, huyu na kapu la nguo, na wa mwisho msichana mbele ya mlango, na chini jina, mstari wa Bibi Ester. Alivitundika barazani, wanawake wakaja kutoka vijiji vya karibu kuvitazama, wakiuliza huyu alikuwa nani, na huyu, na Bi Lea akajibu mpaka sauti ikakauka. Cha kumi hakukichora. Alipokuwa akifunga mizigo kuhama nchi alinishika mikono. "La Miriam sina nguvu nalo. Lishike wewe. Nitakuja kulichukua." Kila mwaka ilinijia kadi, ndani yake maneno mawili kwa Kiswahili: Bado unalo? Nami nikajibu, Ninalo. Kisha kadi zikakoma.

Basi ndiye huyu, Miriam mwingine, amekaa uani kwangu na kikombe cha chai, mtoto wa Bi Lea aliyepewa jina la mama yake mdogo. Aliniambia, kwa kinywa cha Zuhura, kwamba vitambaa tisa viko kwake ukutani, na tangu utotoni aliuliza kwa nini jina lake halimo, na mamake akamjibu liko Mwabungo. Nilimtazama nikaogopa. Kisha nikakumbuka jambo ambalo kila mwanachuo analijua: ukikwama, using'ang'anie palepale, rudi nyuma, anza sura iliyotangulia. Nikaweka mikono magotini, nikafumba macho, nikaanza na la Lea. Mistari minne. Na wa nne ulipoisha, bila mimi kulivuta, neno la kwanza la Miriam likaja lenyewe na kupanda mwishoni, na la pili nyuma yake, na yote.

Nilipofumbua macho mgeni alikuwa ameweka kikombe chini. Zuhura hakuwa na utani. "Anauliza maana yake, Nyanya."

"Mwambie sijui. Ni maswali, ndilo ninalolijua. Mtoto wa miaka saba anauliza. Yeye hajui lugha hiyo?"

Wakasemezana. "Anasema hajui. Mamake hakumfundisha."

Aliitoa simu kutoka mkobani, akainyoosha karibu na mdomo wangu ili inase sauti. Nilimshusha mkono taratibu. Simu itapata zamu yake, nikamwambia Zuhura amweleze, na wenye kuijua lugha watafasiri wakipenda. Nilimvuta akae karibu, magoti yetu yakagusana, nikamsomea mstari wa kwanza peke yake. Akaurudia. Alikosea mara mbili, na kha ikamshinda, lakini mwishoni sauti yake ilipanda palepale inapopanda, kama mtoto anayeinua uso.

"Sema tena," nikamwambia.